Darasa la baleti la watu wazima hapa Peckham: nyota nne na nusu, na sababu zangu

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke kusoma yote. Kama uko London upande wa kusini, umeshatoka utotoni, hata kama una miaka 60, na unatafuta mazoezi ya kukupa miguu, nyonga na mgongo wenye nguvu za kweli, hili darasa la jioni ni bora kuliko jimu zote nilizowahi kulipia hapa mjini. Linafanyika kwenye ukumbi wa kanisa, sio mbali na barabara ya Rye Lane. Jina la mwalimu siweki kwa sababu ni mtu binafsi tu, hana kampuni wala bango, tangazo lake ni karatasi moja ubaoni pale ukumbini, ila ukiulizia baleti ya watu wazima maeneo yale utaelekezwa.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Wengi wetu huku tunafanya kea (yaani kuhudumia wazee na wagonjwa), usafi, maghala, jikoni, yaani kazi za kusimama na kunyanyua kutwa nzima, alafu ukimwambia mtu afanye mazoezi anakujibu mi kazi yangu yenyewe ni mazoezi tosha. Sio kweli jamani. Kazi inakuchosha upande uleule kila siku, bega lilelile, kiuno kilekile, na baada ya miaka kadhaa unaona dada mzima wa miaka 45 anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Mi mwenyewe ni kea, namgeuza mzee kitandani, namsaidia kusimama, tuna mashine ya kunyanyulia lakini mashine haifanyi kila kitu, na hapo ndo nimeona faida ya hili darasa waziwazi: sasa nguvu naitoa kwenye mapaja na tumbo, mgongo unabaki umenyooka, nikirudi nyumbani naweza kukaa chini na kuinuka bila kuugulia.

Sasa darasa lenyewe likoje. Ni saa moja na nusu. Karibu nusu ya kwanza mnasimama kwenye fito, ile mbao ndefu ya kushikilia, mkono mmoja tu na mwalimu anapita kuangalia kama unaining'inia, maana fito ni ya kukusaidia kujua uko wapi, sio ya kukubeba. Mnaanza na plie, unakunja magoti huku yametazama nje, mgongo wima, visigino chini. Mtu akiona kwenye video anasema aah hii si skwati ndogo tu. Ifanye polepole kwa hesabu nane kushuka na nane kupanda, magoti yasilale ndani, makalio yasitoke nyuma, alafu urudie kwenye mikao mingine bila kupumzika, ndo utajua. Ile kufungua miguu kwa nje inaanzia kwenye nyonga, kuna misuli midogo ya ndani kabisa chini ya makalio ambayo jimu watu hawaigusi, na wengi wetu hatujui hata kama tunayo mpaka asubuhi inayofuata inapouma.

Baada ya plie mnasugua mguu sakafuni kwenda mbele, pembeni, nyuma, mwanzo taratibu alafu kasi, alafu miduara ya mguu, alafu kukunja na kunyoosha kwa mguu mmoja, na mwisho wa fito ndo inakuja ile ninayoipenda na wengi wanaiogopa, kuufungua mguu hewani polepole mpaka ufike usawa wa nyonga na kuuacha pale. Hebu piga hesabu. Mguu mmoja wa binadamu ni kama asilimia 16 ya uzito wa mwili hivi, kwahiyo mtu wa kilo 75 mguu wake unakaribia kilo 12. Chukua mfuko wa unga wa kilo 12, unyooshe mbele yako usawa wa nyonga, usiushike kwa mikono wala usiuegemeze popote, uushikilie kwa misuli ya paja na nyonga tu huku umesimama kwa mguu mwingine, na uso usionyeshe kwamba kuna kitu kinaendelea. Alafu upande wa pili. Alafu pembeni, ambako ni kugumu zaidi. Watu wanaosema baleti ni kurukaruka kwa madaha waje wafanye hiyo mara moja tu tukiwa tunawahesabia.

Na ndo maana nataka niwazungumzie watu wa darasani, kwa sababu ubora wa darasa mi naupima kwa waliokaa muda mrefu. Kuna mama mmoja mwenye asili ya Jamaika, nesi mstaafu, mjukuu wake ameshamaliza sekondari. Ukimkuta kituo cha basi utampisha kiti. Ukumbini anapanda kwenye vidole kwa mguu mmoja, anaachia fito, anabaki pale ametulia, shingo ndefu, mikono juu, sisi tulioko nyuma yake wenye umri wa wanae tunayumba kama tumelewa. Nilimuuliza siku moja, mama, hizo nguvu umezitoa wapi, akaniambia hakuna siri, ameanza akiwa na miaka 50 na kitu na hajawahi kuacha kuja, hata wiki aliyomzika mumewe alikuja. Kuna kaka dereva wa basi, mtu mnene kidogo, ambaye kwenye kuruka hakuna anayemfikia, anatua bila sauti. Hiyo ya kutua kimya mwalimu anaikazania sana, na sababu yake iko wazi: ukitua na kishindo maana yake mifupa na magoti ndo yamepokea uzito, ukitua kimya maana yake vigimbi na mapaja ndo yamefanya kazi, wayo umeanza na vidole, ikaja ile sehemu nene nyuma ya vidole, kisigino kikamalizia. Kwenye ile sehemu ya kuruka mnapiga miruko midogo mingi mfululizo na mtu mzima yeyote anayeimaliza bila kishindo, mi huyo namheshimu kuliko anayeinua vyuma vikubwa mara tatu alafu anakaa dakika tano na simu.

Kitu kilichonifanya nimuamini huyu mwalimu moja kwa moja ni msimamo wake kuhusu vile viatu vya kusimamia ncha za vidole. Watu wanakuja na hamu, wameshaona picha, wanataka wavae vile vya kung'aa wapige selfi. Yeye anakataa. Kuna walimu huku mjini wanawapandisha watu wazima haraka kwa sababu wateja wanataka, na matokeo ni vifundo vya miguu kuumia, nimewaona. Huyu anakupima kwanza. Unasimama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, unapandisha kisigino mpaka juu kabisa na kukishusha, bila kuegemea. Wataalamu wa fizio, yaani tiba ya viungo, wanapopima nguvu za kigimbi cha mtu mzima mwenye afya kipimo kinachotumika sana ni mara 25. Jaribu hapo ulipo sasa hivi, ila kisigino kipande juu kweli sio nusu, na usidanganye kwa kukunja goti. Wengi wanafika kumi na kitu mguu unaanza kuwaka moto. Yeye anataka ufike hizo 25 kila mguu, kisha bado anaangalia tumbo lako, nyonga zako, na kama kifundo kinapinda kutosha, na ukipita vyote hivyo unaanza kwa dakika chache tu mwisho wa darasa, mikono yote miwili kwenye fito.

Na hapo ukumbuke sisi ni watu wa jioni. Pierina Legnani, Muitaliano, mwaka 1895 kule St Petersburg, Urusi, kwenye onyesho la baleti la Swan Lake alizunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja, na kwenye ile mizunguko kila mzunguko kisigino kinashuka na goti linakunjwa kisha unapanda tena kwenye ncha, mguu mwingine unapiga hewani kukusukuma. Mpaka leo anayecheza nafasi ile anategemewa afanye hizo 32, na hiyo inakuja wakati ameshacheza sehemu kubwa ya onyesho. Yaani ni kile kipimo cha fizio, kimezidishwa, juu ya ncha, unazunguka, mbele ya watu, na unatabasamu. Ukirudi nyuma zaidi, Marie Taglioni alipocheza baleti ya La Sylphide Paris mwaka 1832 viatu havikuwa na lile boksi gumu la mbele tulilozoea, vilikuwa vya hariri laini vimeshonwashonwa nyuzi pembeni na chini ya vidole vishike kidogo, kwahiyo kilichomsimamisha pale juu ni miguu yake. Hata vya leo watu wanadhani ndani kuna chuma au mbao. Hamna. Ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa na gundi, na soli ya ndani ngumu, jasho likiingia vinalainika, mchezaji mkubwa anaweza kumaliza jozi nzima usiku mmoja. Nguvu ni ya mtu.

Kuhusu maumivu niseme kidogo, maana kuna sifa mbaya inayosambaa kwamba uvumilivu wa wacheza baleti ni kuficha kuumia. Ni kweli wanavumilia vitu vizito, kucha zinakuwa nyeusi, malengelenge yanapasuka na wanaendelea. Lakini angalia Misty Copeland, mcheza baleti wa Marekani. Mwaka 2012 alikutwa na nyufa sita kwenye mfupa wa muundi wa kushoto, akafanyiwa upasuaji, watu wakadhani basi. Akarudi, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupandishwa kuwa mchezaji mkuu kwenye kundi la baleti la American Ballet Theatre. Huyu alianza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao wengine waliambiwa wameshachelewa. Mi ninachokiona pale ni uvumilivu wa kukaa chini upone vizuri na kuanza upya taratibu, na huyu mwalimu wetu anafundisha hivyohivyo, uchovu wa msuli unaruhusiwa, maumivu ya kuchoma kwenye kiungo unasimama palepale unamwambia, na hakufanyi ujione mzembe. Jamaa mmoja aliyekuja na goti bovu alipewa mazoezi ya kufanyia chini, sakafuni, mwezi mzima, na akaifanya.

Wanaume mnaosoma hii najua mmeshaanza kuruka aya. Rudini hapa. Rio Ferdinand, huyuhuyu aliyechezea mpira Manchester United na timu ya taifa ya Uingereza, amekulia hapahapa Peckham, na akiwa na miaka 11 alipata ufadhili wa kusoma shule ya baleti, Central School of Ballet. Beki yule mrefu kiasi kile, mtulivu na mpira, anageuka bila kujikwaa, mi nikiangalia klipu zake za zamani sasa namuona kabisa yule mtoto wa fito. Na kwenye jukwaa mwanaume ndo anamnyanyua mwenzie juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka na kutembea naye, mtu mzima wa kilo hamsini hivi ambaye hana mshikio kama chuma cha jimu, na anamshusha polepole kama hakuna uzito. Siri ni ileile plie, nguvu inaanzia magotini, inapita tumboni, mikono inamalizia tu. Wenzangu wa kea wa kiume ndo ningependa sana waje, kazi yetu ni hiyohiyo.

Mwalimu ana namna yake ya kuelezea mkao, anasema kuna uzi unakuvuta utosini. Mi siku hizi wageni wa Kiafrika wakija nawaambia tu simama kama mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani bila kuishika, mabega chini, shingo ndefu, macho mbele, nyonga zinatembea ila kichwa hakitikisiki, na wanaelewa papo hapo. Wengi wetu tumebebeshwa maji tangu wadogo, hiyo shingo tunayo tayari.

Suala la umri nalo linawasumbua watu, wananiambia dada mi nimeshazeeka kwa hayo. Margot Fonteyn, mcheza baleti maarufu wa Uingereza, alikuwa na miaka 42 alipoanza kucheza na Rudolf Nureyev hapa London mwaka 1962, kijana aliyepishana naye karibu miaka 20, na walicheza pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alessandra Ferri, Muitaliano, mwaka 2016 alicheza Juliet wa Romeo na Juliet, msichana mdogo, akiwa na miaka 53, New York. Hao ni wakubwa wa dunia, sawa, lakini mama yetu wa Jamaika sio wa dunia, ni wa basi namba fulani, na mguu wake uko palepale hewani. Isitoshe kwa wanawake, hedhi ikikata mifupa inaanza kupoteza uimara haraka, na mazoezi ya kubeba uzito wako mwenyewe na ya kusimama bila kuyumba ndo madaktari wanayosisitiza, mtu asianguke akavunja nyonga. Mi nahudumia wazee waliovunjika nyonga. Najua maisha yanavyobadilika baada ya ile siku moja bafuni. Kwahiyo nikisema nendeni mkajifunze kusimama kwa mguu mmoja nasema kwa uchungu kabisa.

Nusu nyota nimeitoa kwa mambo ya ukumbi. Baridi ni kali, hita inawashwa watu wakiwa wameshafika nusu ya fito, na msuli wa baridi hautaki kunyooshwa, kwahiyo ninyi mje na sweta na soksi ndefu za kuvua baadae. Hakuna bafu. Choo ni kimoja. Muziki unatoka kwenye spika ndogo ambayo wakati mwingine inakata katikati ya pirueti, ule mzunguko wa mguu mmoja, na mtu aliyewahi kufanya darasa lenye mpiga piano atajua tofauti, piano inakusubiri kidogo pale unapohitaji. Wiki za mwanzo wa mwaka watu wanajaa mpaka mguu wako ukifika pembeni unampiga mwenzio, wakifika Machi wamepungua. Ila sakafu ni nzuri sana na hilo ni kubwa kuliko yote niliyolalamikia, ni mbao za zamani zenye nafasi chini, zinabonyea kidogo ukitua. Msikubali darasa la kuruka juu ya zege lililofunikwa plastiki hata kama kuna vioo na taa nzuri, miundi yenu itawaambia baada ya wiki mbili.

Mavazi hakuna masharti ya ajabu. Leginsi na fulana inayobana kidogo ili aone mgongo. Dada mmoja wa Mombasa anayekuja na sisi anavaa mikono mirefu, suruali ya kunyooka na hijabu ya michezo, hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, na arabeski yake, ule mguu wa nyuma, ni mzuri kuliko wa wengi wetu. Viatu laini vya kuanzia sio ghali, vya turubai vinatosha, ngozi vinadumu zaidi. Mkitaka kupimwa mguu vizuri duka la Freed lipo St Martin's Lane, hao wanashona viatu vya baleti tangu 1929 na kila fundi ana alama yake anayoigonga chini ya soli, wachezaji wengine wanakuwa na fundi mmoja wanayemuamini miaka yote. Na jambo lililonifurahisha mi binafsi, mwaka 2018 Freed na Ballet Black, kundi la baleti la wachezaji weusi na Waasia, walitoa viatu vya ncha vya rangi ya kahawia na shaba kwa ajili ya ngozi zetu. Kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wananunua vya pinki na kukaa kuvipaka poda au fondesheni, kila jozi, mwaka hadi mwaka, kwa sababu rangi ya kiatu inatakiwa iendelee na rangi ya mguu ili mstari usikatike. Mtu anafanya kazi ngumu vile alafu bado akae usiku anapaka kiatu. Kwahiyo nikiwaona mabinti wadogo wa kwetu wanaingia na viatu vya rangi yao nafurahi mno.

Bei ni ya kuridhisha, unalipa kwa darasa, hakuna mkataba wa mwaka wala ile hadithi ya jimu ya kukukata hela benki wakati ulishaacha kwenda. Ukifanya kazi shifti za usiku hilo linasaidia sana, wiki ukikosa hujapoteza kitu, ingawa ukikosa mbili mfululizo kigimbi kinakukumbusha. Kwa walioko Nairobi, msidhani haya ni ya huku tu, Joel Kioko amekulia mitaa ya mabanda kwenu hukohuko, baleti ameianzia huko, akaja mpaka English National Ballet School hapa London. Madarasa ya watoto mnayo, wabaneni walimu wawafungulie na ya wakubwa.

Ukumbi unafungwa shule zikifunga, kwahiyo ulizeni kwanza kabla ya kupanda basi. Kundi la wanaoanza kabisa linafunguliwa upya Septemba. Fika robo saa kabla, mwambie mwalimu kama una presha, goti, mgongo au umejifungua karibuni, maana muziki wa plie ukishaanza hasimami kuongea na mtu mpaka fito iishe.